Drake Maye atanipa pointi ngapi msimu ujao?

*Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Dallas, na kazini kwetu tuna ligi ya fantasi ya NFL (ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani) ya watu 12, kila mmoja anaanzisha kwotabeki mmoja, yaani mtupaji wa pasi anayeongoza mashambulizi. Kiingilio ni dola 100. Nimekulia kwenye fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza. Hii ya Wamarekani nina misimu miwili tu. Mwaka 2025 nilimchukua kwotabeki Jayden Daniels wa Washington raundi ya tatu ya zamu za kuchagua wachezaji kwa sababu mwaka wake wa kwanza alitisha. Akacheza mechi 7 tu, nikamaliza wa pili kutoka mkiani. Mwenzangu alimwokota kwotabeki Drake Maye wa New England raundi za mwisho, akabeba kombe. Sasa nataka Maye awe wangu, hata kwa raundi ya tatu. Ninavyopiga hesabu: nachukua pointi za msimu uliopita, naongeza asilimia 10 kwa kuwa kijana bado anakua. Wenzangu wananicheka, wanasema mwaka unaofuata baada ya kung'ara huwa na mkosi. Nani yuko sahihi? Na nipige vipi hesabu ili mwaka huu nirudishe hela yangu?*

Salama, ndugu yangu, na pole kwa msimu uliopita. Barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa kitita kimoja. La kwanza ni la pointi: Maye atapanda, atashuka au atabaki palepale? La pili ni la bei: hata kama ni mzuri, raundi ya tatu inamfaa? Wengi hujibu la kwanza wakadhani wamejibu na la pili, na hapo ndipo chaguo zuri linapotupwa bure.

Nianze na matokeo, kisha nikuonyeshe njia. Msimu wa 2025 Maye alivuna karibu pointi 353, kabla ya kukatwa za mipira aliyoidondosha. Hesabu yako ya kuongeza asilimia 10 inampeleka 388. Yangu inamweka kwenye 291 hivi. Bado ni kwotabeki wa kutamaniwa, ila tofauti ya pointi 97 kati yako na mimi si ndogo, na inatokana na kitu kimoja: wewe umekadiria pointi, mimi nimekadiria kazi atakayopewa, kisha ubora wa kazi hiyo, halafu pointi zikajitokeza zenyewe mwishoni.

Natumia kanuni zilizozoeleka: yadi 25 za pasi ni pointi 1, tachidauni (kufunga kwa kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) ya pasi 4, pasi iliyonaswa na wapinzani inakata 2, yadi 10 za kukimbia ni pointi 1, tachidauni ya kukimbia 6, na mpira uliodondoshwa ukachukuliwa na wapinzani unakata 2. Fungua ukurasa wa kanuni za ligi yenu uhakikishe kabla hujaandika namba yoyote. Kuna ligi zinazotoa 6 kwa tachidauni ya pasi, na nyingine zinakata 1 tu kwa pasi iliyonaswa. Ukikadiria kwa kanuni zisizo zenu, hata hesabu safi itakudanganya.

Sasa tuondoe huo mkosi. Haupo. Kwotabeki Lamar Jackson wa Baltimore alikuwa mchezaji bora wa ligi nzima mwaka 2019, na huo ulikuwa mwaka wake wa pili. Maye mwenyewe aliruka juu katika mwaka wake wa pili. Kilichopo ni kitu cha kawaida kabisa, nacho hakichagui mwaka. Ili kijana ang'are mpaka nchi nzima imtaje, lazima awe na uwezo na pia mambo yamwendee vizuri. Mwaka unaofuata uwezo anaurudisha uwanjani, lakini yale yaliyomwendea vizuri yanagawiwa upya. Jackson mwaka 2019 alitupa tachidauni 36 katika pasi 401, yaani asilimia 9 ya pasi zake. Mwaka 2020 zikawa 26 katika pasi 376, chini kidogo ya asilimia 7. Patrick Mahomes wa Kansas City alitupa tachidauni 50 mwaka 2018, asilimia 8.6 ya pasi zake. Mwaka uliofuata ikawa asilimia 5.4. Hakuna aliyesahau mpira kati ya hao wawili. Jackson hata mwaka ule "mbaya" alikimbia yadi 1,005.

Kwa nini tachidauni ndizo zinazoyumba zaidi? Tazama tukio moja kwa karibu. Kwotabeki anatupa pasi ndefu, mpokeaji anadaka, anakimbia, anaangushwa kwenye yadi ya 1, hatua moja kabla ya mstari wa kufungia. Ni yadi 59, sawa na pointi 2.4. Mchezo unaofuata kocha anampa mkimbiaji mpira, anapenya katikati, tachidauni. Pointi 6 zimekwenda kwa mkimbiaji. Mpokeaji angejinyoosha kidogo tu zaidi, kwotabeki angepata nyingine 4. Pasi ilikuwa ileile, uamuzi uleule, mkono uleule. Katika msimu mzima matukio ya aina hii yanaweza kumwangukia mtu mmoja mara sita upande mzuri, na mwaka ujao mara sita upande mbaya.

Pasi zilizonaswa nazo ni hivyohivyo. C.J. Stroud wa Houston mwaka 2023, kijana wa mwaka wa kwanza, alinaswa mara 5 tu katika pasi 499. Watu wakamkadiria kana kwamba hiyo ndiyo tabia yake ya kudumu. Mwaka 2024 alinaswa mara 12 katika pasi 532, yadi kwa kila pasi zikashuka kutoka 8.2 hadi 7.0, na kuangushwa kabla ya kutupa kukapanda kutoka mara 38 hadi 52. Hiyo ya mwisho haikuwa bahati. Ukuta wake wa mbele, yaani wachezaji wanaomlinda, ulikuwa unavuja na wapokeaji wake wakuu waliumia. Ndiyo maana usiseme "bahati imegeuka" ukafunga daftari. Kagua ni nini hasa kimebadilika.

Kuhusu Daniels, usijilaumu kwa kumwona mzuri, alikuwa mzuri kweli. Mwaka 2024 alitupa yadi 3,568, tachidauni 25, akanaswa mara 9, na akakimbia mara 148 kwa yadi 891 na tachidauni 6. Piga hesabu utaona karibu pointi 350, na kati ya hizo 125 zilitoka miguuni. Tachidauni zake za pasi zilikuwa asilimia 5.2, kiwango ambacho hakitishi mtu. Kwa hiyo ubora wake haukuwa povu. Kilichokuangusha ni idadi ya mechi: goti, kisha msuli wa nyuma ya paja, kisha kiwiko kilichoteguka katika robo ya nne ya mechi na Seattle iliyokuwa imeshaamuliwa. Viungo vitatu tofauti katika msimu mmoja. Hakuna jedwali ambalo lingekutabiria hilo, lakini kulikuwa na jambo moja ulilopaswa kufanya: kumkatia mechi tangu mwanzo, na kuweka mtu wa akiba.

Miguu ndiyo utamu wa kwotabeki kijana, na ni sehemu ya pointi inayodumu kuliko tachidauni za pasi. Yadi 50 za kukimbia katika mechi ni pointi 5. Ili azipate kwa mkono inabidi atupe yadi 125. Josh Allen wa Buffalo katika misimu yake mitatu ya kwanza alibadilika sana kama mtupaji. Mwaka 2018 pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 52.8, mwaka 2020 zikawa 69.2. Lakini tachidauni zake za kukimbia zilikuwa 8, 9 na 8. Kocha anayempa kwotabeki mpira kwenye yadi ya 2 huwa anaendelea kumpa. Tofautisha tu mbio za kupangwa na mbio za kujiokoa. Za kupangwa ziko kwenye kitabu cha kocha na zinabaki maadamu kocha yupo. Za kujiokoa hutokea ukuta unapovunjika, na kijana akikomaa, au ukuta ukiimarika, hupungua.

Tuingie kwenye hesabu yenyewe. Nitarudi kwanza Agosti 2025, kwa sababu njia usiyoipima kwa yaliyokwisha kutokea huna sababu ya kuiamini.

Mwaka 2024 vitabu vinaonyesha Maye alicheza mechi 13: pasi 338, yadi 2,276, tachidauni 15, kunaswa 10, yadi 421 za kukimbia. Ukigawa 338 kwa 13 unapata pasi 26 kwa mechi, na wengi waliishia hapo wakasema timu haimwamini. Sasa fungua mechi mojamoja. Mechi ya kwanza aliingia dakika za mwisho, ikiwa imeshapotea. Nyingine, dhidi ya Jets wa New York, alitolewa mapema kwa kugongwa kichwa. Ya mwisho wa msimu alicheza mfululizo mmoja tu wa mashambulizi akapumzishwa. Mechi alizocheza kama kwotabeki wa timu bila kukatizwa hivyo ni 10. Katika hizo alikuwa anatupa zaidi ya mara 30 kwa mechi. Kosa la kugawa kwa mechi zisizo kamili ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko yote kwa vijana, kwa sababu vijana ndio wanaoingia katikati, wanaotolewa na wanaopumzishwa.

Hivyo Agosti ile ungeandika: mechi 16, pasi 32 kila mechi, jumla 512. Ukichanganya ubora wake wa mwaka mmoja na wastani wa ligi, kwa namna nitakayoeleza hivi punde, ungepata yadi 6.9 kwa pasi, tachidauni 23, kunaswa 13, na miguuni yadi 480 na tachidauni 3. Ukikata na 6 za mipira mitatu iliyopotea, jumla ni pointi 267. Alichokuja kufanya: pasi 492, yadi 4,394, tachidauni 31, kunaswa 8, yadi 450 za kukimbia na tachidauni 4. Hesabu ilikosea kwa pointi zaidi ya 80. Lakini angalia ilipokosea. Kazi ilikuwa karibu sawa, 512 kwa 492, na miguu 480 kwa 450. Kilichoruka ni ubora, kutoka 6.9 hadi 8.9 kwa pasi. Na bado, 267 kwa mchezaji aliyekuwa anapatikana raundi za mwisho ilitosha kukwambia umchukue. Mwenzako hakuhitaji kujua kwamba atafika 353.

Sasa msimu ujao. Fungua jedwali, safu moja kwa kila kitu, nenda nami.

Mechi: weka 16 kati ya 17. Kwa kwotabeki anayekimbia sana kama Daniels ningeweka 15 au hata 14. Kumbuka pia kwamba NFL ina wiki 18 lakini ligi nyingi za fantasi hufunga wiki ya 17, kwa hiyo linganisha wachezaji kwa pointi za kila mechi, usitazame jumla ya msimu peke yake.

Pasi kwa mechi: mwaka 2025 zilikuwa 29, mwaka 2024 zaidi ya 30 katika zile mechi kamili. Timu inayoongoza hukimbiza saa kwa kumpa mkimbiaji mpira, na New England ilishinda mechi 14 kati ya 17. Sitarajii ushindi mwingi kiasi hicho tena, kwa hiyo atalazimika kutupa zaidi kidogo. Naweka 30.5. Mara 16 ni pasi 488.

Ubora, na hapa ndipo pa kukaa. Chukua misimu yake yote miwili kwa pamoja: pasi 830, yadi 6,670, tachidauni 46, kunaswa 18. Usizitumie hivyo zilivyo. Zichanganye na pasi za kubuni za kwotabeki wa wastani, ambaye hupata yadi 7.1 kwa pasi, tachidauni asilimia 4.5 na kunaswa asilimia 2.3 hivi. Kwa yadi naongeza pasi 300 za wastani: 6,670 na 2,130 ni 8,800, gawa kwa pasi 1,130, unapata 7.8. Kwa tachidauni naongeza 400, maana zinayumba zaidi: 46 na 18 ni 64, gawa kwa 1,230, unapata asilimia 5.2. Kunaswa kwa njia hiyohiyo kunakuja asilimia 2.2. Hizo 300 na 400 si sheria ya mbinguni. Ukiweka 250 au 500 jibu litasogea kidogo tu.

Maana yake ni nini? Ni kama kumwaga kikombe kimoja cha maji kwenye chombo. Sufuria la pilau halitageuka, ila kikombe cha chai kitapauka. Mwenye pasi 3,000 hutamgusa, mwenye pasi 84 utambadilisha kabisa, na hiyo ndiyo haki. Anthony Richardson wa Indianapolis alitupa pasi 84 tu mwaka 2023, akafunga kwa miguu mara 4 katika mbio 25, akaumia. Watu wakakadiria msimu mzima kwa kijiko hicho. Mwaka 2024 pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 47.7 na katikati ya msimu akawekwa benchi. Ukikutana na kijana wa namna hiyo mwaka huu, mwenye mechi chache za kuvutia, mwongezee maji yake yote bila huruma.

Weka pamoja. Pasi 488 mara 7.8 ni yadi 3,806, pointi 152. Tachidauni 25, pointi 100. Kunaswa mara 11, toa 22. Miguuni yadi 27 kwa mechi, jumla 432, pointi 43. Tachidauni 4 za kukimbia, pointi 24. Mipira mitatu iliyopotea, toa 6. Jumla 291, yaani 18.2 kwa mechi. Mwaka 2025 alikuwa kwenye 20.8.

Namba moja haitoshi, andika na mipaka yake. Mambo yakienda vizuri, yaani mechi 17, yadi 8.3 kwa pasi, tachidauni 32, kunaswa 10, yadi 480 na tachidauni 5 za kukimbia, unafika 352. Yakienda vibaya, mechi 13, yadi 7.2, tachidauni 17, kunaswa 10, miguuni yadi 325 na tachidauni 2, unapata 201. Tazama umbali: kutoka 291 kwenda juu ni pointi 61, kwenda chini ni 90. Msimu wa 2025 alikuwa tayari karibu na dari. Ndiyo sababu ile asilimia 10 yako hainikai. Unampandisha mtu aliyekwisha gusa paa.

Hata hivyo kijana anakua kweli, na sisemi umdharau. Kukua kwake utakuona zaidi katika kutupa mapema na kuepuka kuangushwa. Mwaka 2025 aliangushwa mara 47, na hizo ni nyingi. Zikishuka, yadi na mechi zote mbili zitanufaika. Kinachomvuta upande mwingine ni ratiba. Kila timu ya NFL ina mechi 14 zinazopangwa kwa mzunguko wa makundi, na 3 zinazopangwa kwa nafasi iliyoshika. New England ilimaliza ya kwanza katika kundi lake, kwa hiyo mechi hizo tatu zitakuwa dhidi ya wengine waliomaliza wa kwanza. Mwaka 2025 ilikuwa inatoka mkiani, na ratiba yake ilikuwa laini.

Kabla ya siku ya kuchagua, kagua mambo matatu kwa mkono wako, nusu ya pili ya Agosti, vikosi vinapokaribia kupunguzwa hadi watu 53. Nani anaita mashambulizi? Kocha akibadilika, rudisha ubora karibu zaidi na wastani. Wapokeaji wake wawili wa kwanza ni nani, na wazima? Na nani anacheza upande wa kushoto wa ukuta, ule unaolinda mgongo wake? Lingine lolote la Agosti lipuuze. Katika mechi za maandalizi nyota hucheza mifululizo michache au hawachezi kabisa, na wapinzani huficha mipango yao. Tachidauni ya Agosti haina thamani yoyote kwako.

Jihadhari na kuhesabu kitu mara mbili. Mpokeaji mpya akija, watu huongeza yadi kwa pasi, wakaongeza tachidauni, kisha wakaongeza pasi zenyewe, zote kwa sababu ileile. Chagua sehemu moja. Njia rahisi ya kujikagua ni kukadiria pia wapokeaji wa timu hiyo na kujumlisha yadi zao. Kama wapokeaji wako wana yadi 4,800 na kwotabeki umempa 3,806, umejidanganya mahali fulani.

Tuje kwenye bei. Katika ligi ya watu 12 wenye kwotabeki mmoja mmoja, swali ni anazidi kwa kiasi gani yule utakayempata bure, yaani kwotabeki wa 13 katika orodha yako. Mfanyie huyo hesabu hiyohiyo. Tuseme unapata 262 kwa mechi 16. Maye anamzidi kwa 29, chini ya pointi 2 kwa wiki. Sasa fanya kutoa kwa mkimbiaji au mpokeaji wa raundi ya tatu dhidi ya yule wa 30 hivi katika nafasi yake, kwa sababu hao ligi nzima inawaanzisha wengi na wanaisha haraka. Mara nyingi utakuta pengo hilo ni kubwa zaidi. Kwenye fantasi ya Uingereza ulizoea bei iliyoandikwa kwa pauni. Huku bei ni raundi unayoitumia na mchezaji unayemwacha. Kama ligi yenu ingekuwa ya makwotabeki wawili, ningekwambia tofauti kabisa, maana hapo wa bure hawapo.

Hesabu hiyo pia inapunguza hofu ya majeraha. Kwotabeki akikosa mechi tatu, hukai na sifuri, unaanzisha mwingine wa pointi 16. Ile picha mbaya ya 201 inakuwa kama 250 mkononi mwako. Ungekuwa na mtu wa akiba mwaka 2025, Daniels angekuumiza lakini asingekuzamisha.

Ligi yenu ikitoa 6 kwa tachidauni ya pasi, Maye anaongezeka pointi 50, lakini kila kwotabeki anaongezeka pia, na wanaotegemea miguu wanapoteza sehemu ya faida yao. Kuna mambo ambayo mimi kwa mbali siwezi kuyaona, kama kanuni zenu za wachezaji wa akiba au wiki mnayofunga msimu. Hayo kaa na msimamizi wa ligi uso kwa uso kabla ya siku ya kuchagua, mfungue ukurasa wa kanuni pamoja.

Na hilo neno lako la "kurudisha hela". Nakusihi uliondoe kwenye hesabu. Dola 100 za mwaka jana zimekwenda, na anayechagua wachezaji kwa kuzikimbiza huchukua hatari zisizo na maana. Zaidi ya hapo, kama unajikuta unaweka dau kwenye simu kila Jumapili ili kufidia, unaficha kiasi nyumbani, au unakopa, hilo haliponi kwa jedwali. Zungumza na mtu unayemwamini ana kwa ana, au piga 1-800-GAMBLER, ni bure Marekani kote.

Kama ni mchezo tu wa kazini, fanya hivi. Raundi tano za kwanza chukua wakimbiaji na wapokeaji. Ikifika zamu yako raundi ya sita na Maye bado yupo, mchukue bila kusita. Akiwa amekwenda, usimfuate mwingine kwa hasira. Subiri hadi raundi ya tisa au ya kumi, uchukue wawili walio karibu na pointi 265, mmoja wao mwenye miguu, na ukague wiki zao za mapumziko zisigongane.